Lupini za Lewiston, mishubiri ya Griftu

Januari moja nilikuwa Griftu, Wajir, kiangazi cha jilaal kimekaza, vumbi limetanda juu ya kila kitu. Mwenyeji wangu ni mama wa watoto wanne. Mimi humwita abaayo, yaani dada kwa Kisomali, naye huniita mwalimu ingawa chaki niliiacha zamani. Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia, kisha akanisukumia simu yake. Picha ilikuwa ya mteremko uliojaa masuke ya maua ya zambarau, waridi, buluu na meupe, kila suke limenyooka kama mshumaa. Aliyeipiga ni kaka yake, mwezi wa Juni, kando ya barabara nje ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani.

"Yanaitwa lupini," akasema. "Ukishapanda, yanarudi yenyewe kila mwaka. Kaka atanitia mbegu kwenye bahasha. Nitazipanda pale." Akaonyesha kwa kidevu kipande cha ardhi kati ya tangi la maji na banda la mbuzi.

Watu wa Wajir na Garissa hawahitaji kuelezwa Lewiston ni wapi. Tangu mwaka 2001 Wasomali wengi wamehamia mji ule wa viwanda vya kale vya nguo, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab. Picha za lupini huja kila Juni kwenye simu za ndugu huku, na swali la abaayo nimeulizwa na wengine pia. Nilimwomba siku mbili. Majibu niliyompa ndiyo haya, na mengine niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi.

Kwanza, ile bahasha. Usiipokee. Mbegu ya kutoka nje inaingia Kenya kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha usafi wa mmea kutoka nchi inakotoka. Najua watu huziona kanuni hizi kama usumbufu wa makarani. Lakini nani huku hajui mathenge? Ule mti wa miiba uliletwa kwa nia njema katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Leo umeziba malisho na kingo za mto kutoka Baringo hadi Bura na Garissa, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno awe ushahidi. Mathenge na lupini ni wa ukoo mmoja, ukoo wa kunde, na lupini nayo ina rekodi yake. Iceland waliileta kutoka Alaska mwaka 1945 ili ishike udongo uliokuwa ukipeperushwa na upepo. Imeushika kweli, ikaendelea kutambaa hadi mahali ambapo hakuna aliyeitaka. Huko New Zealand inatapakaa kwenye vitanda vya mito. Hata huko Maine ni mgeni, asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Lupini ya kienyeji ya Maine ndiyo iliyotoweka.

Griftu haitatapakaa, hilo sina wasiwasi nalo. Haitafika hata kutoa suke.

Nieleze kwa nini, maana abaayo hakuridhika na "haiwezekani" tupu, na alikuwa na haki. Lupini ya picha ile ni mmea wa baridi. Katika Maine hulala chini ya theluji miezi kadhaa, na ule usingizi ndio unaoiandaa kutoa maua. Mji wa Wajir uko takriban mita 240 tu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 33 au 34, na usiku ni nadra kushuka chini ya 20. Mche wa lupini ukipewa usiku wa namna hiyo hutoa majani machache, hupauka, hufa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 350. Halafu kuna udongo.

Juu ya udongo tulifanya jaribio jikoni. Nilichota konzi moja kutoka shimo la msingi wa choo kipya, nikaiweka kwenye sahani, nikamwagia kijiko cha siki. Ikachemka, povu jeupe likapanda kwa sauti kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na watoto wakakimbia kuja kutazama. Povu hilo maana yake ni chokaa. Mizizi ya lupini inataka udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa hushindwa kufyonza madini ya chuma, na utaona majani yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu asiyejua hudhani ni njaa ya mbolea, akaongeza samadi, akazidisha balaa. Yako maua ya jamii hiyo yaliyozoea chokaa, kama lupini ya buluu ambayo ni ua rasmi la jimbo la Texas, lakini hata hiyo huota vuli, ikapita kipindi cha baridi imejilaza chini, ndipo ikachanua Machi na Aprili. Baridi hiyo Griftu haiuzwi dukani.

Wewe unayesoma haya ukiwa Limuru au Nyahururu, unajikunyata ndani ya sweta, yako ni rahisi zaidi. Ganda la mbegu ya lupini ni gumu: isugue kwa msasa, iloweke usiku mmoja, kisha ipande palepale itakapoishi, kwa kuwa ina mzizi mkuu mrefu usiopenda kuhamishwa. Usiipe mbolea ya chumvichumvi wala samadi nyingi, kwa maana mizizi yake hujitengenezea naitrojeni. Suke likinyauka likate kabla halijafunga mbegu, na mara nyingi litakuja la pili dogo. Vidukari wakijaa kwenye kikonyo, waoshe kwa maji ya kasi. Baada ya miaka minne au mitano shina litachoka, panda jingine. Na mbegu zake ni chungu na zina sumu. Watu wa Gojjam nchini Ethiopia hula za aina yake nyeupe, lakini baada ya kuzikaanga na kuziloweka siku kadhaa kwenye maji ya mto. Rangi zile zilizochanganyika tunazoziona leo nyingi ni kazi ya mzee mmoja mtunza bustani wa York, Uingereza, George Russell, aliyechagua mbegu bora na kung'oa mimea mibovu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuonyesha maua yake London mwaka 1937, umri wake ukikaribia miaka 80. Namtaja kwa sababu hakuanza na kitu cha ajabu. Alianza na mimea ya kawaida, akawa na subira na kisu.

Basi nikamuuliza abaayo: katika picha ile, ni nini hasa unachokipenda? Akaitazama tena. Akasema, "Yanavyosimama." Akanyamaza kidogo. "Na kwamba sitayapanda kila mwaka."

Hapo ndipo tulipoanza kuelewana. Masuke yanayosimama, na mmea unaodumu: hivyo vyote viwili Griftu inavyo, tena vingine viko nje ya lango.

Cha kwanza ni mshubiri, wanaouita dacar kwa Kisomali. Nilipoutaja abaayo alicheka. Kwake mshubiri ni dawa chungu, si ua. Lakini subiri utoe maua. Katikati ya majani yale ya nyama hupanda kikonyo kinachogawanyika kama kinara, na kila tawi hubeba suke la maua mekundu au ya rangi ya chungwa, limesimama wima, na ndege wa chozi wanagombana juu yake tangu alfajiri. Wakati wa kiangazi kikali majani hugeuka mekundu-kahawia, na hiyo pia ni rangi. Usichimbe ule wa porini, kwani mishubiri ya mwituni inalindwa na sheria za Kenya. Tafuta mche kwenye kitalu, au chipukizi kutoka kwa jirani aliyeupanda mwenyewe. Ukishaupata, usiharakishe kuupanda: uache kivulini siku tatu au nne, jeraha la mzizi likauke. Upande shingo ikiwa juu ya ardhi, na wiki ya kwanza usimwage maji hata tone.

Cha pili ni sanamaki. Watu huijua kama majani makavu ya kulegeza tumbo, na wachache wamewahi kuitazama ikiwa hai: kichaka kisichofika kiuno, masuke ya maua ya manjano yamesimama juu ya majani ya kijani-kijivu. Ni ya ukoo wa kunde, binamu wa mbali wa lupini, na imezoea ardhi kavu ya pembe hii ya Afrika. Ikwaruze mbegu, iloweke, itaota. Maganda yake membamba kama karatasi yakipasuka yatapanda mengine bila kuombwa. Lakini usiwapikie watoto wala mama mjamzito majani yake kwa kuwa tu yako uani.

Cha tatu nililazimika kukitoa kwetu Pwani, kwa sababu mahali penye bustani nisipopanda mnyonyore najisikia nimeacha salamu. Unakwenda juu mita mbili hadi tatu, na kila ncha ya tawi huishia kwenye shada linalopanda kama piramidi: chini maua yaliyofunguka mekundu yenye ukingo wa manjano, juu vitumba vinavyosubiri zamu. Kwa umbo, hakuna ninachokijua kinachokaribia lupini zaidi katika nchi ya joto. Chokaa haiuudhi. Mbegu yake ni ngumu kama ile ya lupini: ikate ganda kidogo kwa kikata kucha, upande ulio mbali na kitovu chake, iache kwenye kikombe cha maji usiku kucha, na ile iliyovimba asubuhi ndiyo ya kupanda. Ukipata mwaka mzuri utaona maua kabla mti haujatimiza miezi kumi. Watoto waonywe wasile mbegu.

Chini ya hiyo mitatu, kati ya mawe, weka vinka, yale maua ya waridi na meupe yenye jicho katikati, asili yake Madagascar, ambayo dawa za saratani ya damu zimetokana nayo. Huzaana yenyewe. Na pembeni, juu ya kichuguu cha mchanga na kokoto, waridi la jangwani, mwenyeji halisi wa nchi hii, lenye shina lililovimba kama chupa. Langu la kwanza nililiua kwa mapenzi. Kila jioni nililimwagia kikombe cha maji, na siku moja nilipoligusa shina kidole kikazama ndani kama kwenye papai lililooza. Lilikuwa limepukutisha majani kwa ajili ya kulala, mimi nikadhani ni kiu. Likipukutisha, liache.

Oleanda siipendekezi penye mifugo. Majani machache tu yanaweza kumwangusha mbuzi, na yaliyokauka hayana huruma zaidi.

Na sasa tufike kwa mbuzi, ambao ndio mtihani wenyewe. Kiswahili kina neno moja, ua, la kile kinachochanua na la kile kinachozungushwa, na sikuwahi kuona sababu ya jambo hilo hadi nilipoishi kaskazini mashariki. Mimea mingi niliyoitaja mbuzi huipita kwa sababu ya uchungu au sumu yake, lakini mbuzi wa jilaal huonja kwanza na kujuta baadaye, na mche mdogo hauna mfupa wa kuvumilia kuonjwa. Bogonvilia yangu, ambayo kila mtu aliniambia ina miiba ya kujilinda, ilimalizwa asubuhi moja hadi ikabaki fimbo, na mbuzi mwenyewe alikuwa bado amesimama pale akitafuna jani la mwisho akinitazama. Kwa hiyo kabla ya ua, ua. Kata matawi ya mgunga, yapange duara, ncha nje, kama ood ile ya kulaza mifugo, na uhakikishe unene wake unazidi urefu wa shingo ya mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Iache miaka miwili. Wavu wa kuku peke yake hautoshi. Watoto wa mbuzi huuegemea mpaka ulale.

Kuhusu maji, abaayo alikuwa na hofu zaidi kuliko ilivyostahili. Alipiga hesabu ya mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni wa punda pale tangi linapokauka, akaona bustani ni anasa ya kumfedhehesha mbele ya majirani. Nikamwonyesha pale karibu na mlango, penye jiwe bapa ambalo wote hukanyaga wakitia udhu. Ardhi yake ilikuwa nyeusi na yenye unyevu, katikati ya uwanja ulio mweupe kwa ukame. Nyumba ile ina watu sita. Kila mtu akitumia lita moja tu kwa udhu mmoja, swala tano ni lita 30 kwa siku. Toa walioko shuleni na walioko kwenye mifugo, zibaki lita 15. Hayo ni maji yasiyo na sabuni, yanayomwagwa mahali palepale kila siku, na yanapotea bure. Tulichimba mfereji wa upana wa kiganja kutoka kwenye jiwe lile, tukautandika kokoto, ukaelekea mahali pa minyonyore na vinka. Mishubiri na waridi la jangwani tulivipangia upande wa pili kabisa, visipate hata harufu yake.

Maji ya kufulia usiyapeleke huko. Sabuni ya unga ina chumvi yake, na maji ya visima vya Wajir yana chumvi ya kutosha tayari. Anayekunywa chai ya huko anaijua. Chumvi hiyo haiondoki maji yanapokauka. Ikikaa juu ya udongo utaona ukoko mweupe, na ncha za majani zitaungua kama zimeguswa na kaa la moto. Dawa yake ni kumwagilia kwa nadra lakini kwa wingi: ndoo nzima mara moja kwa wiki, izame chini ipite na chumvi yake, badala ya kikombe kila siku kinachoikusanya juu. Mvua ya kwanza ikinyesha, usizibe shimo wala usielekeze maji kwingine. Acha yafurike, yaoshe.

Matandazo ya nyasi ambayo vitabu vya kilimo husifu, hapa huliwa na mbuzi mchana na mchwa usiku. Tumia mawe. Zungusha mawe ya ukubwa wa ngumi kwenye kila shina, uyabane yagusane, isipokuwa upana wa vidole viwili karibu na gome. Huzuia jua lisipige udongo, na ukiinua moja saa sita mchana utakuta chini yake pabichi. Ukiinua, inua kwa fimbo, kwa sababu nge nao wanapenda pabichi.

Samadi ya mbuzi iko tele, lakini ile mbichi ni kali na ina chumvi. Ikae miezi sita, ipigwe mvua, ndipo kopo moja liingie kwenye shimo la mnyonyore. Mshubiri usiupe.

Majira sasa. Wengi hupanda mvua za Deyr, Oktoba, kwa sababu roho imechoka kusubiri. Mimi napanda mvua za Gu, Aprili. Mche wa Oktoba ukishaanza kushika tu, unakutana na jilaal, miezi mitatu ya moto mtupu. Mche wa Aprili unaingia kwenye Hagaa, ambayo ina upepo na vumbi lakini joto lake limepungua, na mizizi hupata miezi ya kushuka chini kabla ya mtihani mkubwa. Upepo wa Hagaa utaikunja miche upande mmoja. Magunia mawili yaliyoshonwa na kusimamishwa kwa miti upande wa kusini-magharibi yanatosha kuukata makali. Kwa hiyo mbegu ziwekwe kwenye paketi za maziwa zilizotobolewa chini mwanzoni mwa Februari, karibu na mlango wa jikoni, ambako hakuna atakayesahau kuzipa maji. Miche ihamishwe Aprili, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa, jioni. Nafasi kati ya minyonyore ni mita mbili, nyuma kabisa. Sanamaki mbele yake, hatua moja moja. Mishubiri mwisho, mahali pa juu ambapo maji hayatuami.

Mwaka wa kwanza usitarajie picha ya Lewiston. Utaona majani, na mawe mengi. Sanamaki itatangulia, kisha huenda minyonyore miwili mitatu wakati wa Deyr, Novemba. Mshubiri utakusubirisha hadi mwaka wa pili au wa tatu. Minyonyore ikishamaliza kuchanua, ipogoe hadi kimo cha goti. Itakusikitisha kuiona, lakini isipokatwa hurefuka kama mlingoti, maua yakawa ya kutazamwa na wenye mapaa peke yao.

Usiku ule abaayo alimpigia kaka yake. Nilimsikia akimweleza habari ya siki na povu, akimweleza na ya mbuzi, wakacheka sana. Kaka akauliza, basi nikutumie nini? Akanigeukia. Nikamwambia amletee mkasi wa kupogolea, ule wa chuma kizuri usioshika kutu, kwa sababu ninaotumia mimi ni wa kukatia nguo na umeanza kutafuna matawi.